Swabir Tsuma na Mvumo Uliomshinda

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Karakana ya Sauti Tulivu, Ukunda, Mzee Swabir Tsuma anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026. Aliripoti kazini Jumatatu ya tarehe 6 Januari 1997 akiwa na bisibisi mbili, testa moja na barua ya imamu wa Waa iliyosema kwamba ni mtu mwaminifu na hana haraka. Bisibisi zilipotea zamani. Uaminifu ungalipo, na kule kutokuwa na haraka kumezidi, hata Yusra wa mapokezi amejifunza kumwandikia yeye saa nne pale ambapo mteja ameahidiwa saa sita.

Kwa wageni wetu wa leo wasioijua kazi yake, nitaieleza kwa ufupi. Mteja akinunua redio au amplifaya kwetu, akaipeleka nyumbani, kisha ikaanza kuvuma, kukatakata sauti au kumpiga mtu shoti, Mzee Swabir ndiye huenda kutazama umeme wa nyumba hiyo una nini. Kabla yake, redio iliyorudishwa ilifunguliwa mezani, ikakutwa nzima, ikafungwa, ikarejeshwa kwa mwenyewe ikavume tena. Yeye ndiye aliyewashawishi wakubwa kwamba mgonjwa huenda ni nyumba. Leo kazi hiyo inaitwa Kitengo cha Majumbani, nacho kina watu wawili, yeye na mimi ninayeandika wasifu huu.

Kuna jambo ambalo mwaka jana kila mfanyakazi alilijua na hakuna aliyelisema kwa sauti. Mkurugenzi wetu, Bwana Abdulaziz, alikuwa ameamua kwamba Mzee Swabir akiondoka, kitengo kifungwe. Simlaumu. Wateja wakipiga simu hawasemi tuletee fundi, husema tuletee Swabir, na wakiniona mimi ninashuka kwenye pikipiki peke yangu hutazama nyuma yangu kama waliopungukiwa mzigo. Kitengo kikifungwa, mimi ningerudi dukani kuuza betri na nyaya, na watu wa Shimoni mpaka Kinango wangebaki na mivumo yao. Mzee Swabir aliyasikia hayo mwezi wa tisa.

Turudi nyuma kidogo. Somo lake la kwanza alilipata Msambweni mwaka 1998, kwa mwalimu mmoja aitwaye Bi. Subira. Redio yake ya kaseti ilikuwa ikilegea kila asubuhi, sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mzee Swabir, wakati huo kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye kujiamini sana, alibadilisha mkanda wa redio, akabadilisha transfoma, akabadilisha transfoma tena. Kila alipokwenda ilikuwa alasiri, na alasiri redio iliimba vizuri. Safari ya nne Bi. Subira, aliyekuwa likizoni, alimwita asubuhi, akamketisha na kumpa chai. Ilipofika saa nne kasorobo, kinu cha kusagia mahindi cha jirani kikawashwa, redio ikalegea, na taa ya jikoni ikawa nyekundu. Bi. Subira akasema kwamba taa hiyo hufanya hivyo kila siku, na alikwisha kumwambia mumewe, naye mumewe alimjibu kwamba hayo ni mambo ya jikoni.

Mzee Swabir alirudi Ukunda na kanuni mbili ambazo tumeishi nazo mpaka leo. Ya kwanza ni kwamba redio haina kosa mpaka umeme uthibitishwe. Ya pili ni kwamba ukifika nyumbani kwa mtu, usimuulize mwenye nyumba, muulize mwenye kupika. Mwenye nyumba mchana kutwa yuko kazini kwake, au yuko barazani akikueleza bei aliyonunulia redio. Mwenye kupika ndiye ajuaye taa inafifia saa ngapi, friji inapiga kelele lini, na ni soketi gani inayotoa harufu. Wanaume wengi wa pwani hii wamekaa barazani, wakiona fundi anawapita na kwenda kuzungumza na wake zao kwenye mlango wa jiko kuhusu amplifaya waliyoinunua wao. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa muda mrefu, kwa sababu kabla ya hapo Mzee alikuwa amepiga hodi mara tatu, amemwamkia kila mkubwa, ameulizia afya ya kila mdogo na amekubali maji ya kunywa.

Kazi ya Kinango ya mwaka 2016 ndiyo inayosimuliwa zaidi, na mimi nitaisimulia sawasawa kwa kuwa nilikuwepo, si kama dereva wetu anavyoisimulia. Mzee Garama, muuza mbuzi, alikuwa na amplifaya inayompiga shoti kila akigusa kitufe cha sauti. Alikwisha kukizungushia kitambaa, na watu wa nyumbani walikuwa wameanza kunong'ona juu ya mashetani. Mzee Swabir alikuta waya uliochubuka ndani ya plagi, akaubadilisha. Lakini alikuta pia kwamba ile fimbo ya shaba inayochomekwa ardhini ili kupokea umeme uliopotea njia ilikuwa imesimama kwenye udongo mkavu kama unga. Udongo mkavu haupokei kitu. Dawa yake ni kuutia maji mara kwa mara, na kumwambia mtu wa Kinango amwage ndoo ya maji ardhini ni sawa na kumtukana. Mzee Swabir alizunguka nyumba, akapaona mahali pa kutawadhia, akaomba jembe. Alichimba mfereji mdogo kutoka hapo mpaka kwenye fimbo, na tangu siku hiyo nyumba ile huinywesha ardhi yake mara tano kwa siku bila kupoteza hata tone. Mwaka jana tulipita kumsalimu Mzee Garama, tukakuta kitambaa kimetoka na mchicha umeota kando ya mfereji.

Diani nako ana jina lake. Meneja wa nyumba moja ya wageni alikuwa amebadilisha amplifaya tatu za gharama, zote zikilia zii mfululizo. Mzee aliketi kwenye kochi, akaizungusha swichi ya kufifiza taa za sebuleni, na spika zikabadilisha sauti kwa kuifuata swichi, juu na chini. Aliirudia mara mbili zaidi, nadhani kwa raha yake mwenyewe. Shimoni yeye hubeba brashi ya meno kwa ajili ya kutu ya chumvi kwenye soketi, na sindano kwa ajili ya sisimizi waliohamia ndani yake. Brashi hiyo mimi niliwahi kuitumia kwa matumizi yake ya kawaida tulipolala safarini, na sijawahi kusamehewa.

Mimi nilikuja kutoka Webuye mwaka 2014 nikiwa na cheti cha umeme na Kiswahili cha amri. Nilikuwa ninaingia nyumba ya watu nikisema "niaje, redio iko wapi?" Mzee Swabir alinirudisha mlangoni, mbele ya wenyeji, nikaanze upya. Alinifundisha shikamoo kabla ya kunifundisha kutumia mita. Kwa muda mrefu nilidhani anapoteza wakati, mpaka nilipogundua kwamba mtu uliyemwamkia vizuri hukueleza ukweli, na mtu uliyemvamia hukuambia kwamba kila kitu kiko sawa isipokuwa redio.

Amenikasirikia mara moja tu. Ilikuwa mwaka 2019, nyumba moja ya Ukunda, redio inavuma na mimi nina njaa. Nilikata waya wa ardhini kwenye plagi, mvumo ukaisha, nikajisifu njiani. Aligeuza pikipiki, akanirudisha kwenye nyumba ile, akaniamuru niunganishe waya mbele ya mama mwenye nyumba na nimwombe radhi. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, anayekata waya wa ardhini ili redio inyamaze, iko siku atamnyamazisha na mtu." Tulikaa pale mpaka tukapata chanzo cha kweli. Nililia kidogo kwenye helmeti, na sasa ninamshukuru kwa maandishi.

Mganga hajigangi. Fundi huyu aliyetuliza redio za pwani nzima ya kusini alikuwa na redio nyumbani kwake Waa inayovuma tangu mwaka 2015. Kila Idi tulipokwenda kumtembelea tulikula pilau ya Bi. Mwanaima, mkewe, huku redio ikivuma kama mtu anayetafakari, na kila Idi tulimtania. Yeye alicheka pamoja nasi na kusema kwamba redio yenyewe imezeeka. Hilo halikuwa kweli, na alijua kwamba tunajua. Alikuwa amebadilisha amplifaya mara moja, spika mara mbili na nyaya zote za spika. Amplifaya akiileta karakana, kimya. Akiirudisha Waa, inavuma. Jambo hilo lilikuwa linamuuma, na alilificha kama mtu anavyoficha jino bovu.

Basi Jumanne ya tarehe 13 mwezi huu, Mzee Swabir alikuja mapokezi, akapanga foleni nyuma ya wateja wawili, akamwomba Yusra kadi ya kazi. Akaijaza kwa mwandiko wake mzuri. Jina la mteja, Swabir Tsuma. Mahali, Waa. Tatizo, redio inavuma. Fundi anayeombwa, Concepta, yaani mimi. Kisha akaipeleka kwa Bwana Abdulaziz atie sahihi, na akamwambia mbele yetu sote kwamba nikishindwa, kitengo kifungwe na yeye hatafungua kinywa, lakini nikiweza, kitengo kibaki. Bwana Abdulaziz alimtazama, akanitazama, akatia sahihi.

Niliogopa sana. Kama yeye ameshindwa miaka kumi na moja, mimi ni nani? Nilimwambia Yusra kwamba Mzee amenichimbia kaburi kwa mapenzi. Usingizi haukuja siku mbili, na Alhamisi asubuhi nilipanda pikipiki kwenda Waa kama mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani aliouandika mwalimu asiyejua majibu yake.

Mzee Swabir alikuwa ameketi barazani, amevaa kanzu, na alinipokea kama mteja anavyompokea fundi. Kila nilipomuuliza jambo la ufundi, alinijibu kwamba yeye ni mwenye nyumba tu, hajui. Nilipima umeme, ulikuwa sawa. Nilifungua soketi zote, zilikuwa safi kuliko zetu za karakana. Nilifuata njia yake mwenyewe, zima vyote, washa kimoja kimoja. Nikazima friji, taa, pampu, runinga, king'amuzi. Redio ikabaki peke yake, nayo ikavuma. Saa tatu ikawa saa sita, saa sita ikawa saa nane. Bi. Mwanaima aliniletea chai na mahamri, kisha wali, kisha chai tena. Niliketi sakafuni mbele ya spika nikaanza kufikiria bei za betri.

Ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimemuuliza mwenye nyumba tu. Nilikwenda mlango wa jiko. Bi. Mwanaima alikuwa anasuuza vyombo. Nilimuuliza, kwa adabu niliyofundishwa na mumewe, kama kuna siku ambayo redio inavuma zaidi ya siku nyingine.

"Zipo," akasema, bila hata kugeuka. "Nikiimwagia tu ile fimbo yake maji ya vyombo, yavuma kama nyuki. Siku nisiyoimwagia, afadhali."

Nilimuuliza ni fimbo gani. Alinichukua nyuma ya nyumba, kwenye mpapai, akanionyesha kichwa cha shaba kimechomoza kwenye udongo mweusi uliolowa vizuri. Nilijua kwamba nyumba ile ina fimbo moja ya ardhini, iko mbele, karibu na mita. Hii ilikuwa ya pili. Bi. Mwanaima alinieleza kwamba mumewe aliizika mwaka 2009, akaizungushia makaa na chumvi kama mafundi wanavyofanya, iwe ya redio peke yake. Alitaka redio yake iwe na ardhi yake, isisumbuliwe na mtu. Kisha akamwagiza mkewe aimwagie maji kila siku isikauke, na kwa miaka kumi na sita yule mama alikuwa akifanya hivyo, mvua na kiangazi.

Mambo yote yalinifungukia hapo hapo. Fimbo ile peke yake haikuleta tabu. Mwaka 2015 binti yao aliwanunulia dishi, na fundi wa dishi akalifunga kwenye fimbo ya mbele. Dishi likaungana na king'amuzi, king'amuzi kikaungana na redio kwa waya wa sauti, na redio ilikuwa imeshika fimbo ya nyuma. Ikawa kama mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira, moja liko juu kidogo ya jingine, maji hayatulii. Umeme mdogo ulikuwa ukipita kwenye waya wa sauti mchana na usiku, na redio ikauimba. Kadiri fimbo ya nyuma ilivyonyweshwa vizuri, ndivyo njia ilivyozidi kuwa pana. Kuzima king'amuzi hakukusaidia, kwa sababu waya wa dishi ulibaki umechomekwa nyuma yake. Ungechomolewa, angejua siku ya kwanza. Lakini Mzee Swabir alikuwa amepigwa marufuku kuugusa waya wa dishi tangu siku alipoutikisa na kumpotezea Bi. Mwanaima sehemu ya mwisho ya tamthilia yake.

Nilimwomba ruhusa mwenye tamthilia, akanipa. Nikauchomoa waya, redio ikanyamaza. Nikauchomeka, ikavuma. Sikukata kitu. Nilizungusha waya mmoja mnene wa shaba ukutani, nikaziunganisha fimbo mbili zikawa ardhi moja, redio nikairudisha kwenye ardhi ya nyumba nzima, na dishi nikaliacha mahali pake. Kisha nikawasha vyote kwa pamoja.

Mzee Swabir aliingia kutoka barazani. Aliinama akaweka sikio kwenye spika, akaniuliza mbona sijaiwasha. Bi. Mwanaima akaongeza sauti, na ikatoka adhana ya alasiri, safi, kila herufi mahali pake, hakuna kitu chini yake wala juu yake. Tulisimama watatu, Waislamu wawili na Mkatoliki mmoja mwenye bisibisi mkononi, tukaisikiliza mpaka muadhini alipomaliza.

Nilimweleza chanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza mbona miaka yote hiyo hakumwambia habari ya maji. Bi. Mwanaima akafuta mikono kwenye leso.

"Hukuniuliza, Swabir. Wauliza wake za watu."

Mimi nilicheka mpaka nikaketi. Mzee Swabir hakucheka. Aliniomba kadi ya kazi na kalamu. Kuna mstari kwenye kadi zetu unaosema "Sababu ya hitilafu," ambao kwa kawaida fundi ndiye huujaza. Aliujaza yeye, kwa mwandiko ule ule mzuri: *Fundi hakumuuliza mkewe.* Akatia sahihi upande wa mteja, akanirudishia.

Bwana Abdulaziz aliisoma kadi hiyo kesho yake, Ijumaa asubuhi, akacheka, kisha akaisoma tena bila kucheka. Aliiweka chini ya kioo cha meza yake, na ipo hapo hadi sasa kwa anayetaka kuiona. Kitengo cha Majumbani hakifungwi. Tangazo la kumtafuta fundi wa pili limebandikwa mlangoni. Jumatatu ninakwenda Shimoni, na mteja alipopiga simu akamtaka Swabir, Mzee mwenyewe ndiye aliyepokea. Alimwambia kwamba Swabir amestaafu, na kwamba anayekuja ni fundi aliyetengeneza nyumba ya Swabir.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Sauti Tulivu, ninatoa shukrani kwa miaka ishirini na tisa ya subira, ya hodi tatu na ya kukataa njia za mkato. Shukrani nyingine ziende kwa Bi. Mwanaima, aliyetugawia mume wake mchana kutwa kwa muda wote huo. Mzee Swabir, nitakukosa kila siku ya kazi, na sioni haya kuliandika hapa likasomwa na watu wote.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akujalie umri mrefu na nyumba yenye amani. Nenda nyumbani, Mzee wetu, ukae na Bi. Mwanaima, umuulize. Ana mengi ya kukueleza, na wewe sasa una wakati.

*Concepta Naliaka, Kitengo cha Majumbani*